Nyumba ya Masikio ya Baba Zuhura

Jumatatu, 3 Juni

Wateja wawili asubuhi, wote kusuka. Wa tatu alitaka kukausha nywele, nikamwambia draya mbovu. Si mbovu. Baba Zuhura yuko chumbani, nyuma ya ukuta wa saluni, na draya inamuumiza. Mteja kaenda saluni ya kona. Hatarudi huyo.

Ndiyo siku zetu sasa. Redio siwashi. Watoto wa jirani nawafukuza kama kuku. Sufuria naziweka chini polepole kama mwizi. Mume wangu kakodisha muziki maisha yake yote. Harusi, vipaimara, vigodoro vya kukesha mtaani. Kila wikiendi kasimama mbele ya maspika yaliyomzidi kimo. Sasa masikio yamemgeukia. Anasema kuna jenereta kichwani haizimwi. Daktari kasema hakuna dawa, aepuke kelele tu.

Aepuke kelele. Hapa Tabata.

Alhamisi, 6 Juni

Kaja binti anaitwa Neema, anachora ramani za nyumba. Mpole, shikamoo yake imenyooka. Baba Zuhura kamtafuta atuchoree nyumba kwenye kiwanja chetu cha Kimbiji, ufukweni. Tulikinunua zamani kikiwa pori. Mie nilishakisahau.

Katuonyesha picha za nyumba za kisasa kwenye kompyuta. Paa bapa. Zege tupu, halina rangi. Kioo kutoka sakafuni mpaka juu. Hamna pazia, hamna kabati la vyombo, hamna mtu. Baba Zuhura aliangalia kila picha kwa muda mrefu. Sijamwona anaangalia kitu hivyo tangu augue.

Neema anaongea naye kwa kunong'ona. Mie nikaulizwa rangi ya vigae vya jikoni. Nikasema yoyote.

Jumapili, 9 Juni

Tumeenda kiwanjani. Baba Zuhura kavaa vile vifuniko vya masikio vya watu wa viwandani, safari nzima. Watu walimtazama.

Hakuna kitu kule. Mchanga, mivinje, upepo. Neema alipima huku na huku, akaeleza upepo utaingilia wapi. Upande wa barabara utakuwa ukuta mnene, hauna dirisha hata moja. Nikamuuliza mgeni akija atagonga wapi. Kasema getini, na kutakuwa na kengele ya taa. Inawaka, hailii.

Baba Zuhura alitandika kanga yangu chini ya mvinje, akavua vifuniko, akalala. Kalala mpaka alasiri, mdomo wazi, kama mtoto. Nyumbani halali hivyo.

Nilikaa pembeni yake. Nilifurahi. Na nilihisi kama mtu kanikandamiza mto usoni. Vyote kwa pamoja.

Jumatano, 12 Juni

Baba Zuhura kaniambia wakati wa chai. Hela ya kujenga itatoka kwenye nyumba hii. Inauzwa. Mnunuzi yupo, anataka kuvunja apandishe ghorofa. Kasema kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Nikauliza saluni je. Kasema kule nitapumzika.

Sijamwambia mtu nimechoka.

Nimefua taulo zote za saluni, hata zilizo safi.

Jumanne, 25 Juni

Zuhura kapiga simu kutoka Mtwara, kwa mume wake. Baba yake keshamweleza. Anasema mama una bahati, watu wanaota nyumba ya ufukweni. Kanitumia picha za viti.

Wateja nao wanajua. Kila anayekaa kwenye kiti ananipa hongera. Nasema asante. Nitasemaje? Mume wangu anaumwa, kapata pahala pa kupumua, mie sitaki. Hakuna namna ya kuisema hiyo ikawa nzuri. Nimejaribu hata kimoyomoyo.

Nawachukia wote wenye hongera. Leo mmoja nilimvuta nywele makusudi.

Ijumaa, 28 Juni

Baba Zuhura alikuwa kliniki. Neema kaja, kaleta mchoro uliokamilika.

Nyumba ni nzuri. Lazima niandike hivyo. Ua mdogo katikati wenye mti mmoja. Mbao zimepangwa mbele ya kioo, jua linaingia kwa mistari. Hamna kona iliyojazwa kitu. Kwenye mchoro kaweka mwanamke, kakaa kwenye benchi la zege, anatazama bahari. Kasema huyo ni wewe, mama.

Nikamuuliza, "Anaongea na nani?"

Alidhani natania. Alipoona sicheki, akakaa. Nikamweleza yote. Mara ya kwanza yametoka mdomoni. Kasema hakuwahi kuniuliza kwa sababu mzee alimwambia tumeshakubaliana. Halafu, kwa sauti ndogo, kanieleza kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi bila sahihi yangu. Nitaitwa kwa wakili.

Nilidhani habari hiyo itanifurahisha. Imeniogopesha. Asubuhi sikuwa na la kufanya. Sasa ninalo.

Ijumaa, 5 Julai

Kwa wakili. Mnunuzi alikuwepo, mzee wa heshima, kavaa kanzu. Feni ya darini ilikuwa inalia, Baba Zuhura kaziba sikio kwa kiganja. Kasaini yeye. Kalamu ikaja kwangu.

Nikasema, "Baba Zuhura, mie sisaini."

Wakili akauliza kama karatasi nimeielewa. Nikasema nimeielewa.

Baba Zuhura hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliuliza taratibu, "Kwa nini hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani siongei. Nyumbani nanong'ona."

Mnunuzi akaanza kuangalia simu yake. Sie tulirudi na teksi. Baba Zuhura kakaa mbele na dereva, mie nyuma peke yangu.

Jumatatu, 8 Julai

Haniongeleshi. Anakula, anashukuru, anarudi chumbani. Zuhura kaniita katili, kaomba radhi, kakata simu.

Nyumba bado yangu, na siwezi kupumua ndani yake. Draya siwashi. Nikisikia pikipiki inapita nje namwona anavyokunja uso, na mie ndiye niliyembakiza hapa.

Nilidhani nikikataa nitakuwa huru. Sasa tumefungwa wote wawili.

Jumamosi, 13 Julai

Lori limekuja saa nne. Vijana wamefungua stoo. Baba Zuhura anauza vyombo vyake.

Maspika, mikisa, maiki, nyaya, mpaka taa za rangi. Nilijua vimo mle. Nilidhani kashavisahau. Kumbe havina hata vumbi. Kumbe alikuwa anavifuta. Miezi yote hii alikuwa anategemea atapona arudi kazini, na hakuniambia. Na yeye alikuwa na lake.

Mnunuzi wa vyombo akaomba kujaribu spika moja. Nikataka kumkataza. Baba Zuhura kamwambia washa. Muziki ukapigwa pale uwanjani, na yeye kasimama mbele yake, vifuniko kavishika mkononi. Machozi yalimtoka. Sijui ya maumivu au ya nini. Mie mlangoni na kitana. Nilikuwa na mteja nusu kichwa, sikuweza kurudi ndani.

Lori lilipoondoka kanijia. "Neema atachora nyumba ndogo, ya hela hii. Chumba kimoja. Wewe baki na saluni yako."

Sikujua ananipa au ananiadhibu. Nadhani hata yeye hajui.

Nikarudi kummalizia mteja.

Jumatano, 17 Julai

Neema kaleta mchoro mpya. Chumba, choo, jiko la kusimama mtu mmoja. Zege lilelile, ukuta uleule mnene upande wa barabara. Kaongeza kibaraza upande wa bahari, hakumuuliza mtu. Baba Zuhura kasema sawa.

Benchi halipo. Nikamtafuta yule mwanamke. Naye hayupo.

Jumapili, 17 Novemba

Kimbiji. Nyumba imeisha, bado kioo kimoja. Ukiingia unaanza kutembea polepole bila kuambiwa. Neema alijua anachofanya.

Baba Zuhura anaishi huku, mie Tabata. Jumapili naja. Watu wanasema tumeachana. Hatujaachana. Sijui tunaitwaje. Nikiwa kule nawaza kala nini. Nikiwa huku nawaza wateja. Hakuna pahala nilipo mzimamzima.

Leo kaniomba nimnyoe. Mashine inalia, nimetumia mkasi na wembe. Alifumba macho. Kichwa chake nilikuwa sijakishika muda mrefu. Kaniuliza nani kajifungua pale mtaani, nani kahama, na nikamweleza kwa sauti yangu ya kawaida. Hakukunja uso. Akacheka mara moja. Halafu usingizi ukamchukua palepale kwenye mkeka, nywele zikiwa bado mabegani.

Natakiwa kuondoka kabla jua halijashuka. Nikimwamsha atasema lala huku. Nisipomwamsha nitakuwa nimeondoka kama mgeni.

Nimempangusa nywele kwa upindo wa kanga. Hajaamka. Nimekaa kibarazani, mkoba begani. Bado nimekaa.