Alamu Iliyolia Chini ya Duara

Mume wangu Masanja,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Mwakitolyo mvua imenyesha, na baba yako Shija amemaliza kupanda.

Umeniandikia orodha ya simu za kampuni iliyotengeneza hii yangu, zinazouzwa dukani kwako na zilizoachwa kutengenezwa. Unauliza kwa nini naing'ang'ania hii ya vitufe, iliyoachwa zamani.

Duara la dhahabu, lile shimo walilochimba, lilipomfukia babu yako, nilikuwa na nguvu bado. Alfajiri iliyofuata, wenzake wakifukua, alamu ikalia. Kila mtu akapapasa mfuko wake, maana wote tulikuwa na simu za aina hii, mlio mmoja. Lakini sauti ilitoka chini ya udongo.

Nikapiga kelele, "Yuko hai, anatuita!"

Mchimbaji mmoja mzee akanishika mkono. "Mama Shija, simu hizi hata ukizizima, alamu inalia."

Ililia alfajiri tatu, ikimwamsha aende kazini. Hawakumfikia. Ya nne, kimya.

Hizo mpya zako ukizizima zinalala kabisa. Hii nimeitegesha saa ileile ya babu yako, kumi na moja alfajiri. Ikilia, naizima upesi, nipate kusikiliza kama yake inaitikia.

Bibi yako