Nani Anakula Mayai ya Mheshimiwa

Jumatatu, tarehe 3

Mama, shikamoo.

Mjukuu wako amepoteza gramu mia saba. Zimepotea kati ya kliniki ya mwezi uliopita na ile ya Ijumaa, na mimi sijui zimekwenda wapi. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Sasa salamu: habari za hapo, magoti yanaendeleaje, na ile dawa ya macho umeimaliza au umeificha? Sisi wazima. Cherehani ya nne imefika, na wanafunzi wa shule tatu wanasubiri sare zao.

Ningekupigia simu, lakini wote wawili tunajua simu zetu zinavyoishia. Mimi napiga kelele, wewe na sikio lako unajibu swali ambalo sikuuliza. Basi nimeweka barua hii kikapuni, pamoja na chakula, aje nayo mwanao akimleta mtoto.

Mama, muuguzi alimpima Mheshimiwa mara mbili. Akaniuliza, "Huyu anakula nini?" Nikamtajia. Akanitazama kama mimi ninavyomtazama mteja anayedai suruali imebana wakati kiuno ndicho kilichonenepa. Hakuniamini.

Na wewe unajua ninavyohangaika. Mtoto wa miaka miwili na miezi mitatu hana muda wa kukaa mezani, na mimi sina muda wa kumkalisha. Ndiyo maana nikabuni vyakula vya kushika mkononi. Jumapili nachemsha dengu sufuria nzima, naziponda, nazimimina kwenye vile vyombo vya barafu, zinaganda. Asubuhi natoa vipande viwili tu. Nyama ya kuku nasaga na karoti na yai, nafinyanga vidonge vya ukubwa wa kifungo cha koti, nakausha kwenye kikaango bila mafuta. Yai moja nalikaanga kama chapati nyembamba, nalikunja, nalikata vipande kwa mkasi. Wa jikoni, usiogope. Mtindi mzito nauchanganya na siagi ya karanga. Vyote hivyo kabla chai haijachemka, halafu nakimbia kufungua duka.

Muuguzi anasema mtoto wa umri huu anahitaji gramu kumi na tatu hivi za protini kwa siku. Mimi nafunga zaidi ya ishirini. Jioni vyombo vinarudi vimejaa biskuti na vipande vya mkate. Mama, biskuti zinatoka wapi, na kuku wangu anakwenda wapi?

Mkweo,
Mama Mheshimiwa


Jumatano, tarehe 5

Mkwe wangu, marahaba sana.

Mimi mzima, magoti ni yaleyale, dawa ya macho ninayo, na sijaificha, nimeisahau tu mahali. Nimefurahi kusikia cherehani ya nne. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nilicheka hapo kwenye suruali, ya tatu nikakasirika tena.

Mtoto hapa kwangu halali njaa. Nimelea wanne, na huyo uliyeolewa naye ni mmoja wao, na hukumkuta amekonda. Kilichomo kikapuni kwa ajili ya mtoto, mtoto anapewa. Saa nne anakunywa uji, mchana anakula wali kidogo na mchuzi, akiamka usingizini anapata mkate. Anakimbia tangu anapoingia mpaka anapoondoka. Mtu anayekimbia hivyo lazima apungue. Mimi mwenyewe nimepungua kwa kumfuata.

Na ana akili sana. Siku hizi ameanza mchezo: anashika chupa ya maji kwa mikono miwili, anainyanyua juu ya kichwa, anaguna kama mzee anayeinuka kitini, kisha anasema, "Bado mbili." Sijui ametoa wapi. Nilicheka mpaka jirani akachungulia.

Huyo muuguzi asikutishe. Mizani ya kliniki ni ya chuma kilichochoka kama mimi.

Biskuti ni za kwangu, natia kwa mkono wangu, na sababu naijua mimi. Bahasha ifuatayo ibandike vizuri. Mjumbe wetu ana vidole.

Bibi yake Mheshimiwa


Jumatatu, tarehe 10

Mama, shikamoo.

Natumaini umeamka salama na dawa imeonekana. Hapa tuko salama, isipokuwa uzito. Nimempima mwenyewe kwa mizani ya jirani muuza nafaka, nikamkalisha juu ya gunia tupu. Haujapanda hata kidogo. Angenipima mimi ningezidi, kwa hasira tu.

Wiki iliyopita niliongeza. Badala ya yai moja, mayai mawili. Badala ya vidonge sita, kumi. Nilifanya hivyo makusudi, ili nione kitakachorudi. Vyombo vimerudi vyeupe, hakuna hata punje ya dengu, na juu yake biskuti zako. Mama, mtoto anayekula mayai mawili na vidonge kumi na mtindi, kisha uji, wali na mkate, angekuwa anabebwa kwa toroli. Hesabu haikai.

Nimemuuliza mhusika mwenyewe. "Nani amekula yai?" Anajibu, "Baba." Nikamuuliza, nani amemwaga maji? "Baba." Nani amechora ukutani kwa chaki yangu ya kupimia? "Baba." Kwa hiyo ushahidi wake hausimami.

Nimemuuliza na huyo baba. Anasema yeye ni mbebaji tu, anamfikisha mtoto na kikapu kwako, kisha anakwenda ghalani kwake kuandika mizigo ya watu. Sijui amejifunza wapi kujibu kama karani hata nyumbani.

Sitaki tugombane, ila sitanyamaza pia. Duka hili nililianza na cherehani moja ya kuazima, nikiwa na mimba ya huyu Mheshimiwa, na sikufika hapa kwa kusema "labda". Mkabala na duka kuna kituo cha kulelea watoto. Mwenye kituo ana nafasi moja, na mchana ningeweza kuvuka barabara nimlishe mwenyewe. Nimemwambia anishikie hiyo nafasi mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Sipendi kumtoa kwako. Akiamka tu anasema "Bibi", hata uso hajanawa. Lakini nikichagua kati ya "Bibi" na gramu mia saba, nitachagua gramu.

Nijibu swali moja tu: vyakula vyangu vinaliwa na nani?

Mkweo,
Mama Mheshimiwa


Jumanne, tarehe 11

Mkwe wangu, marahaba.

Salamu zako nimezipokea. Hiyo habari ya kituo sijaipokea, naiacha mlangoni.

Sasa nitakuambia jambo ambalo nilikuwa nimelimeza. Vyombo vyako vinafika hapa vitupu.

Siku ya kwanza nilifungua cha kwanza, kitupu. Cha pili, kitupu. Vimeoshwa vizuri, vinanukia limau. Nikakaa chini. Nikajiuliza, huyu mwanamke anataka kuniambia nini? Nikasema, haya, anataka nijaze. Kwamba mtoto analelewa kwangu, basi na chakula kitoke kwangu. Nilikasirika, lakini mimi kwa mama yangu nilifundishwa kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu hata kama kimekuja kwa dharau. Nikakijaza nilichokuwa nacho. Biskuti. Siku ya pili vikaja vitupu tena, nikaona umekaza. Na mimi nikakaza.

Ndivyo tulivyoishi, wewe ukidhani nakula kuku wako, mimi nikidhani unanitumia mafumbo ya plastiki. Uliposema kwenye barua ya kwanza kwamba unafunga kuku na dengu, nilidhani umeandika ili mbele ya muuguzi uonekane mama bora. Nisamehe kwa hilo, na usinikumbushe.

Mtoto usimhamishe. Hapa anajua kila kona. Kituo kina watoto wangapi kwa mlezi mmoja? Uliza hilo kwanza, wewe mtu wa hesabu.

Bibi yake Mheshimiwa


Jumapili, tarehe 16

Mama, shikamoo.

Hujambo, sijambo, magoti yapumzike kidogo maana hii barua itakuinua kitini.

Jana mwanao aliniletea shati la kazini. Anasema limefuliwa vibaya, limeruka na sasa linambana, nimwachie nafasi mabegani. Nikamwambia simama. Mimi vipimo vyake ninavyo kichwani tangu nilipomshonea shati la harusi: kifua sentimita tisini na nane. Nikazungusha utepe. Mia moja na nne. Nikafikiri utepe umenywea, nikachukua mwingine. Mia moja na nne. Mkono, sentimita tatu zimeongezeka. Tumbo, hakuna kitu, limeingia ndani kama la kijana anayetafuta mchumba. Mama, shati halikuruka. Mtu ndiye amevimba.

Nikamwuliza, taratibu kabisa, na pini mdomoni. Ameeleza yote. Miezi miwili sasa ananyanyua vyuma. Mimi nikishatoka kufungua duka, anambeba Mheshimiwa mpaka ukumbi wa vyuma nyuma ya kituo cha mafuta, anamkalisha kwenye godoro, anamhesabisha. Hiyo ndiyo "bado mbili" yako. Kocha amemwambia misuli hailishwi upepo, inataka protini, ale ndani ya nusu saa baada ya kushusha vyuma. Na ndani ya hiyo nusu saa kilicho karibu ni kikapu cha mwanawe.

"Nilianza na kidonge kimoja," anasema. "Ni vitamu."

Nikamwuliza, na vyombo? Anasema aliviosha kwenye bomba la ukumbini, kwa sababu yeye si mchafu. Nikamwuliza, na mtoto akikuangalia ukila? Anasema alimpa aonje, lakini mtoto alikuwa anataka kucheza. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, karani wa ghala, anayejua mzigo ukipungua gunia moja nani aitwe. Nilitaka kucheka, Mama, halafu nikakumbuka ile mizani, kicheko kikakatika.

Nilikuwa tayari kukuandikia barua ya kuomba radhi. Karatasi nilikuwa nimeshaitoa. Lakini alipokuwa akijitetea aliongeza kitu. Amesema, "Hata Mama anajua, mbona hajasema neno? Juzi Alhamisi amenipa kijiko cha mtindi."

Alhamisi ilikuwa tarehe kumi na tatu. Barua yako kuhusu vyombo vitupu ni ya tarehe kumi na moja.

Nieleze hicho kijiko.

Mkweo,
Mama Mheshimiwa


Jumanne, tarehe 18

Mkwe wangu, marahaba.

Sikukuandikia jana kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kusema, na sikuipata. Basi nasema tu.

Baada ya barua yako ya tarehe kumi niliamua kumvizia. Alhamisi nikakaa dirishani. Nikamwona anakuja, mtoto begani, akasimama pale kwenye ngazi, amechelewa, anakula harakaharaka amenipa mgongo. Nilifungua mlango nimpasue. Akageuka. Mdomo umejaa yai, kidevuni mtindi, anauchota kwa kidole. Akasema, "Mama, nina njaa."

Wewe una mmoja, na bado mdogo. Subiri atakapokuwa mkubwa, aje mlangoni kwako na maneno hayo matatu. Mkono wangu ulifika kwenye kijiko kabla akili haijafika. Nilimwambia amalize hicho na asirudie. Akasema ndiyo, Mama. Ijumaa vyombo vilikuja na dengu tu. Jana na leo vimekuja vimejaa, nadhani kwa sababu ya pini zako.

Kwa hiyo limekwisha. Tangu jana Mheshimiwa amekula vidonge vyote na kudai vingine, amegonga chombo mezani kama anayeita mhudumu. Sioni haja ya kituo. Na mwanangu usimwandame sana, kazi ya ghala inachosha, na ukweli ni kwamba hajawahi kupendeza hivi tangu mlipooana. Kama ungemfungia na yeye mayai mawili ya kwake, hata haya yasingetokea.

Bibi yake Mheshimiwa


Jumatano, tarehe 19

Mama, shikamoo.

Nashukuru kwa kuniambia. Natumaini umeamka vizuri. Mimi sikulala vizuri, nilikuwa nasoma sentensi yako ya mwisho.

Nimfungie na yeye. Mama, jiko lina moto mmoja na asubuhi yangu ni moja. Mayai yanauzwa kila kona anayopita, maji yanachemka kwa mtu yeyote, hata kwa mwanamume mwenye kifua cha mia moja na nne. Nimeshamwonyesha sufuria ilipo. Aliishika kama kitu cha maonyesho, lakini leo amechemsha matatu yake mwenyewe, moja likapasuka, akalila hivyohivyo. Hajafa.

Kwa hiyo yeye si tatizo langu tena. Tatizo langu ni Alhamisi ile. Uliona mtu anakula chakula cha mtoto anayepungua, na barua zangu mbili ulikuwa umeshazisoma. Ijumaa dengu peke yake zikafika, na bado hukuniandikia mstari mmoja. Nisingempima shati ningejua lini? Mimi sidai usimpende mwanao. Ila ninapokuachia Mheshimiwa asubuhi nahitaji kujua kwamba mwenye njaa wa kwanza kwenye hiyo nyumba ni yeye, hata akisimama nani mlangoni, hata aseme maneno gani.

Kuanzia Jumatatu, kama atabaki kwako, kikapu nitakileta mwenyewe kabla ya kufungua duka, nikukabidhi mkononi. Ukikikuta kimepungua, unaniandikia siku hiyohiyo. Biskuti zibaki kabatini. Kliniki ni mwisho wa mwezi, na tutakwenda wote watatu, ukae karibu na mizani uone mwenyewe.

Nimeuliza ulichoniambia niulize. Kituo kina watoto sita kwa mlezi mmoja. Kwako yuko mmoja kwa mlezi mmoja, na ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya kwenda kulipia. Lakini hesabu hiyo ni kweli tu kama mtoto kwako ni mmoja. Kwa barua yako ya jana nimehesabu wawili.

Sitaki maelezo ya magoti wala ya ghala. Mwenye kituo anafunga Ijumaa saa kumi jioni na hatanishikia nafasi zaidi ya hapo. Nijibu kwa neno moja kabla ya saa hiyo: hapo kwako unalea mtoto wangu, au unalea wako?

Mkweo,
Mama Mheshimiwa