Mtani Wako Anafunga Bucha

Mama,

Bucha ya Mzee Kondo, hapa kwetu Cheyo, inafungwa Jumamosi hii. Kaniambia mwenyewe jana asubuhi, kisu mkononi, bila kuinua macho kutoka kwenye mbavu alizokuwa anakata. Magoti yamechoka kusimama, binti yake wa Kisarawe amemwandalia chumba, na pale dukani ataingia fundi simu. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu ulikuwa mteja wake wa kwanza kila Jumamosi, mpaka ile ya mwisho uliyoweza kutembea.

Nakumbuka ulivyokuwa unanunua nyama. Hukuwahi kusimama kwenye foleni ukanyamaza. Ulianza kumchokoza Mzee Kondo ukiwa bado kwa muuza mkaa, hatua thelathini kabla ya dirisha lake, naye alikujibu kabla hajakuona. Wewe Mnyamwezi, yeye Mzaramo: watani tangu enzi za misafara, babu zako walipopita kwao na pembe za ndovu mabegani wakielekea pwani.

"Mnyamwezi umechelewa. Umebeba mzigo wa nani leo?"

"Nilikuwa natafuta bucha yenye nyama. Nimekosa, nimerudi kwako."

"Babu zako walifikisha pembe Bagamoyo kwa miguu. Wewe kilo moja inakutoa jasho."

Ulichagua kwa kidole. Siyo hiyo, ile ya nyuma yake. Na mfupa huo wapelekee wakwe zako. Mizani ikishatulia, na yeye akishafunga nyama kwenye gazeti, ndipo ulipopeleka mkono mezani, ukachukua kipande cha nundu na kukitia kwenye kikapu huku anakutazama. "Babu zangu walitozwa ushuru kupita kwenu," ulikuwa unasema. "Wewe umehamia kwetu kabisa. Lipa." Wengine walipata nyongeza kwa kuomba. Wewe ulijichukulia, na hakuna aliyeshangaa.

Aliyeharibu ni mimi.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, gazetini Dar es Salaam. Nilikuja likizo ya mwezi mzima, na mhariri akaniagiza nimtumie habari kuhusu nyama inayouzwa mikoani. Nikasimama nyuma yako na kijitabu changu. Siku hiyo uliinama, ukanusa pande la paja, ukasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Kondo, leo unatulisha kibudu. Ng'ombe huyu hakuchinjwa, alijifia, nyie mkamwokota." Yeye akajibu kwamba ng'ombe alikuwa mzima, alizimia alipokuona wewe. Foleni nzima ikacheka.

Niliandika sentensi yako. Jibu lake sikuliandika, na wala sikueleza kwamba ninyi ni watani. Nilidhani kila atakayesoma atajua, kama kila mtu pale dirishani alivyojua. Lakini gazeti halina sauti. Lilisema mteja mmoja wa Cheyo alilalamika kuuziwa kibudu, na jina la bucha likawekwa.

Bwana afya alikuja na gazeti lile mkononi. Bucha ilifungwa siku nne. Wakakagua, wakaukuta mhuri wa machinjio mahali pake, wakamruhusu kufungua. Wateja hawakurudi haraka hivyo. Kwa mtu anayechinja kwa bismillahi, neno lile si dogo, na majirani zake wa msikitini walianza kununua kwingine.

Hukunigombeza. Asubuhi alipofungua, ulikwenda na sinia badala ya kikapu. Ukanunua kilo mbili, ukakataa zifungwe, ukaziweka wazi kwenye sinia kichwani. Hukurudi nyumbani moja kwa moja. Ulizunguka hadi Kitete, ukapita mbele ya hospitali, ukarudi kwa njia ya sokoni. Kila aliyekusalimia ulimwambia nyama hiyo ni ya Kondo na mchana huu tunaila nyumbani. Ulifanya hivyo siku sita mfululizo. Mimi nilikuwa nyuma yako, na hukunikaribisha kubeba.

Siku ya saba ulinipeleka kwake nikaombe radhi. Aliniambia, "Yameisha, mwandishi." Nilifurahi. Nilikuwa bado sijaelewa adhabu yenyewe.

Tangu siku ile alikuwa na adabu kwangu. Shikamoo, marahaba, kilo ngapi, karibu tena. Mizani haikuzidi wala kupungua. Hakuniita mpagazi kama babu zangu wa misafara, hakuuliza kama huko Dar walikuwa wananilisha. Kaka zangu aliwatania mpaka wakakimbia na vifurushi vyao. Mimi alinihudumia kama mgeni wa serikali. Niliporudi kuhamia Tabora nilinunua kwake kila wiki kwa miaka yote hiyo, nikitegemea tusi moja. Halikuja.

Hata msibani kwako, mama. Alifika na kipande cha nundu kwenye jani la mgomba, akasimama kando ya jeneza. "Mnyamwezi, leo umekubali kubebwa wewe? Amka uchague, sikuangalii." Watu wakacheka huku wanalia. Akawageukia kaka zangu, akadai wampe kiti chako kwa kuwa hakina tena mwenyewe wa kukigombania. Aliponifikia mimi alinishika mkono kwa mikono miwili: "Pole sana, mwandishi." Nimehudhuria misiba mingi kikazi. Pole ile ndiyo iliyonikata kuliko zote.

Kwa hiyo jana, aliponiambia anafunga, nilijua zimebaki siku chache. Alipima kilo yangu, akafunga. Nikapeleka mkono mezani, nikachukua kipande kilichokuwa karibu.

Kisu kilisimama. Akina mama wawili nyuma yangu wakaacha mazungumzo yao.

"Umehamia kwetu kabisa," nilisema. Sauti haikuwa kubwa kama yako. "Lipa ushuru."

Aliangalia kipande nilichoshika.

"Weka chini," akasema.

Nikaweka.

"Mama yako hakuwahi kuiba shingo. Shingo ni mfupa mtupu. Mnyamwezi gani wewe, hata wizi hujui?" Akakata nundu, akaisukuma kwa ncha ya kisu mpaka ukingoni mwa meza. "Chukua. Halafu kaandike kwamba nauza punda."

Mmoja wa wale akina mama akasema punda mwenyewe yuko wapi, na yeye apimiwe nusu kilo. Nilicheka mpaka nikashika dirisha.

Kazi yangu inanidai sahihisho, na hili nalichapisha kwa kuchelewa. Ng'ombe yule alichinjwa, alikaguliwa, na nyama yake tuliila nyumbani, tamu. Aliyesema vinginevyo alikuwa mtani wa mwenye bucha, kwa haki yake yote. Kosa lilikuwa la mwandishi.

Treni yake ni Jumapili. Ana sanduku moja, na gogo lake la kukatia nyama ambalo hataki kumwachia fundi simu. Nilimuuliza nani atambebea mpaka stesheni. Akasema ameshapata mpagazi, ni Mnyamwezi, ana uzoefu wa ukoo mzima ila hajui kuiba, na asichelewe.

Jumamosi nitakuwa dirishani wa kwanza, na kikapu chako. Jumapili nitabeba gogo.

Mwanao wa mwisho,
Cheyo, Tabora