Mashine Yako Sasa Inakagua Majani ya Kipepeo

Nyumbani kwa Bibi,
Lufingo, Tukuyu.
14 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Ambilikile,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: kila jioni namfundisha ng'ombe fizikia. Nasimama bandani na kitabu changu, namweleza Kipepeo yote tuliyosoma siku hiyo, kwa sauti ambayo shuleni hawajawahi kuisikia. Darasani nikiinuka kujibu, walio nyuma hupiga kelele, "Ongeza sauti!" na hapo hapo jibu linanipotea. Kipepeo hutafuna tu na kunitazama. Nimeanza na hili ili uelewe kwa nini nilithubutu kugusa mashine yako.

Lakini nimekimbilia habari kabla ya adabu. Shikamoo Mjomba. Mnaendeleaje huko Geita? Mama Elina amepona mgongo? Na Elina bado anaogopa kuku? Sisi hatujambo. Bibi ana nguvu zake, ila magoti yanamsumbua asubuhi mvua ikinyesha, na unajua kwetu mvua haisubiri msimu. Alitaka nikupigie simu, lakini kwenye simu mimi husema "eeh" tu mpaka salio linaisha, ndiyo maana naandika.

Mwezi uliopita mafundi waliezua jiko la Bibi na kuweka mabati mapya. Kazi ilikuwa nzuri, ila misumari ya zamani na vipande vya waya wa kufungia waliviacha vimetapakaa kwenye mabingobingo nyuma ya nyumba, yale yale tunayomkatia Kipepeo.

Baada ya siku chache akaacha kula. Alisimama amekunja mgongo, na kila alipotakiwa kushuka kwenda kunywa maji aliguna na kugoma. Daktari wa mifugo, Bwana Ackson, alimpima kifua akasema huenda amemeza chuma. Akamchoma sindano, kisha akamsukumia kooni sumaku nene kama kidole gumba.

Bibi alishika kiuno. "Gwe! Ng'ombe wangu ameze sumaku, kwani amekuwa redio?"

"Bibi, sumaku itakishika kilichomo kisimtoboe," Bwana Ackson alimjibu. "Ila akimeza kingine, mimi sikuahidi kitu."

Alipoondoka, Bibi alianza kumtaja mchinjaji. Alisema ni heri auzwe akiwa bado amesimama. Sikula siku hiyo.

Nilijaribu kwanza kupekua majani kwa mikono, nikaambulia kuchanika vidole. Ndipo nikakumbuka mashine yako ya kutafutia dhahabu uliyoileta kutoka Chunya, iliyo chini ya kitanda cha Bibi. Nilikumbuka pia kwamba koili yake, ile sahani ya duara ya chini, ilikanyagwa na gari, na kwamba koili nyingine uliyopewa na rafiki yako haikuingia. Sahani hiyo nyingine ina plagi ya pini nne, mashine ina tundu la pini tano. Na uliagiza mtu asikate waya wowote, maana ukirudi utaitengeneza mwenyewe.

Mjomba, sikukata hata mmoja. Nilitengeneza adapta: kipande kifupi cha waya chenye plagi ya pini tano upande mmoja na soketi ya pini nne upande wa pili, kikae katikati na kuvikutanisha.

Vifaa nilivipata kwa Yunusu, fundi redio wa Tukuyu mjini, nilikobeba mashine na koili zote mbili. Plagi ilitoka kwenye redio ya kaseti iliyokufa, na soketi kwenye kinasa sauti cha kwaya fulani. Aliniazima na mita yake ya kupimia umeme. Ndani ya sahani kuna nyaya mbili zilizozungushwa: moja inasema, nyingine inasikiliza. Kwa mita nikajua zipi ni pini za kusema na zipi za kusikiliza, kwa kulinganisha na koili yako iliyovunjika. Yunusu aliniachia nilehemu mwenyewe.

"Ukipata dhahabu usipite hapa umevaa miwani ukajifanya hunijui," alisema.

"Natafuta misumari," nikamwambia.

"Misumari? Si ungeniambia, hapa ninayo kilo nzima!"

Mara ya kwanza haikutoa hata mlio. Kumbe pini ukizitazama kwa mbele zinafuatana kinyume na unavyoziona kwa nyuma unapolehemu, nami nilikuwa nimehesabu kwa mbele. Nikafumua, nikarudia. Kisha nikaifunika yote kwa kipande cha bomba la plastiki, nikakaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kuzuia mvua.

Nyumbani nikaiwasha kwenye mabingobingo. Ilipiga kelele kila mahali! Kulia kelele, kushoto kelele, mpaka mbwa akakimbia. Nilidhani nimeharibu tena, nikakaa kwenye ngazi karibu kulia. Nilipoiweka magotini, ikanyamaza. Nikaishusha, ikalia. Nikainyanyua, kimya. Adapta ilikuwa sawa kabisa. Ni udongo wetu: ulitoka kwenye volkano, umejaa chembechembe za chuma, na mashine ilikuwa inausikia wote.

Kwa hiyo sikupeleka mashine kwenye majani. Nilipeleka majani kwenye mashine. Nimejenga kichanja cha mianzi kinachonifika kifuani, nimekifunga kwa kamba za migomba bila msumari hata mmoja, na sahani imelala juu yake. Kila mzigo wa majani unapita hapo, kidogo kidogo, kabla ya kuingia bandani.

Mzigo wa kwanza ikalia kwa ukali. Nikapekua wee, sikuona kitu. Kumbe Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya maziwa.

"Inanisema mimi?" aliuliza.

"Inasema ndoo, Bibi. Sogea kidogo."

Alisogea, ikanyamaza. Tukaendelea, na mzigo wa tatu ukatoa waya uliopinda kama ndoano. Bibi aliuweka kiganjani, akashukuru, "Ndaga fijo," taratibu, kama anayeongea kanisani. Tangu siku hiyo hajamtaja mchinjaji.

Kipepeo ameanza kucheua tena. Jana alishuka mpaka kwenye maji bila kuguna, na jioni nilimsomea sura nzima ya mawimbi.

Sasa naomba ruhusa yako mashine ibaki kwenye kichanja mpaka utakapokuja. Na kuna shida moja. Bibi amewatangazia majirani waje Jumatano na mizigo yao ya majani, na amewaahidi kwamba nitawaeleza inavyofanya kazi. Sijui nitatoa sauti wapi.

Msalimie Mama Elina na Elina. Bibi anakusalimu sana, na Mama pia. Mungu akulinde chini ya ardhi kama anavyokulinda juu yake.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukukumbuka,
Lusungu

Nyongeza, Alhamisi: Barua ilikuwa bado haijapata wa kuibeba, kwa hiyo naongeza. Majirani walikuja, wengi kuliko nilivyoogopa, wakajaa uani. Bibi alinisukuma mbele. Basi nikawageuzia mgongo wote, nikamtazama Kipepeo bandani, nikaanza: "Kipepeo, ndani ya sahani hii kuna nyaya mbili. Moja inasema, nyingine inasikiliza."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakasogea karibu. Mama Hellen, aliyesimama nyuma kabisa na mzigo kichwani, akaita, "Ongeza sauti, mwanangu!"

Nikaongeza.