Bridget na Bia ya Korea

Apondi, keti kwanza. Niko kanisani Fairfield. Bridget amesimama mbele ya watu wote akaomba niombewe. Eti tulipoenda likizo Korea nilishindwa na bia!

Mimi! Nilishindwa na bia!

Na ni yeye alinivuta kwa ile baa ya Seoul, eti bia ni bei ya maji. Kuku wa kukaanga sahani mbili, bia glasi sita, zote zake. Akapanda juu ya kiti akaanza pambio, glasi mkononi.

Wueh, nimewekewa mikono kichwani, Apondi. Nikasema amina kwa upole.

Halafu nikatuma ile video niliyomrekodi akiwa juu ya kiti kwa grupu ya kanisa. Nimeandika tu, "Na dada Bridget pia tumkumbuke."

Sasa anaongoza pambio lilelile, macho amefumba. Watu wanachungulia simu, mmoja mmoja wanaacha kuimba.