Siku Moja Zaidi Katika Daftari la Baba

Tumbe, Pemba

Kwa Baba,

Shikamoo. Najua Kaka Said ndiye atakayekusomea, basi naye namsalimu. Mimi mzima, ila mafua ya mvua za vuli hayajaniacha. Miguu ya Mama inaendeleaje? Na wewe je, mbali na lile ambalo hutaki kuulizwa?

Shuleni tunasukuma siku. Wasichana darasani ni ishirini na mmoja siku za kawaida, na saba wakati wa karafuu. Siasa imeingia mpaka jikoni: jirani yangu mmoja hanunui samaki kwa binamu yake kwa sababu ya chama. Mimi nanunua kwa wote wawili, na wote wawili wananinunia.

Kaka aliniandikia kwamba wale jamaa wa Ulaya wanaokusanya habari za nyota walikurudishia daftari la mwaka jana. Eti Zimwi, nyota yetu inayofifia kila baada ya siku tatu kasoro, hukuiona sawasawa. Ukalifungia sandukuni, ukasema macho yamekwisha na hospitali huendi, kwani kipofu hana cha kutibiwa. Niliumia sana, Baba.

Sasa sikiliza. Nilimwalika jirani yangu Bi Mize, mkunga, aje Jumatatu usiku tuitazame Zimwi ikififia. Akaja Jumapili baada ya Isha, na visheti vyake mkononi.

"Bi Mize, si nilisema Jumatatu?"

"Ndo hii, mwanangu. Magharibi si ishaadhiniwa? Au huko kwenu siku huingia usiku wa manane, watu washalala?"

Nikacheka, kisha nikaingia ndani mbio. Nikatoa nakala za daftari lako, zile ambazo Kaka huniletea kwa meli. Mwaka jana, kila ulipoandika imefifia, uliipita hesabu ya Wazungu kwa siku moja, si zaidi wala si pungufu. Jicho bovu halikosei kwa adabu namna hiyo. Wewe unaianza siku magharibi, kama Babu alivyokufundisha, na hutazama baada ya Isha tu. Wao wanaianza usiku wa manane. Nikayarudisha yote nyuma siku moja, nikawaandikia. Jibu limekuja juzi: mwaka wako mzima wameupokea, kwa jina lako. Nililia kidogo, Bi Mize akadhani nimefiwa.

Ya mwaka huu sikuyatuma. Niliyalinganisha na yangu, usiku kwa usiku, na hata ukiyarudisha siku moja hayakubali. Mimi nilipoiona imefifia, wewe umeandika inang'aa. Ningeweza kuyanyoosha wala asingejua mtu. Nilishika kalamu, nikaiweka.

Nisalimie Mama. Nisalimie shangazi, mshona kofia, na Bibi mzaa mama. Mwambie dua zake zinafika. Mke wa Kaka mwambie khanga zake nimezipata.

Kaka Said, mstari unaofuata usiuruke.

Baba, alfajiri ile ilipotokea nyota ya mkia, kabla daftari halijarudishwa, mlisimama wote uani. Ukasema umeiona, ukausifu na mkia wake. Usimkasirikie Kaka kwa kuniambia: ilikuwa nyuma ya mgongo wako. Mwaka jana ulikuwa ukiona, basi ugonjwa huu ni mpya: nenda hospitali. Kaka atakushika mkono.

Mwanao,
Rukia