Pua ya Kijivu

Berea, Johannesburg
4 Machi 2012

Babu mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote bila kuficha, hata yale utakayoyacheka. Sisi hatujambo. Mama bado anasuka nywele chini ya ghorofa letu, na Baba kikohozi kimemwacha. Wewe je, na magoti yako?

Ningepiga simu, lakini tangu Baba Mdogo aondoke hapo kwako kwenda mgodini na simu yake, nakupata kwa barua tu.

Darasa letu lilipelekwa kwa watafiti wa punda. Wanatibu punda wanaovuta mikokoteni ya vyuma chakavu, na wanapima maziwa ya wale wanaonyonyesha. Daktari wao, Hélène, ni Mkongo, basi nikamwuliza kwa Kiswahili habari za punda wetu Kijivu: kwamba anakoroma akipanda kilima, nawe ulisema akishazaa utampasua pua apate hewa, kama mnavyofanya siku zote. Wenzangu walicheka lugha wasiyoijua. Daktari hakucheka. Alinishikisha pua ya punda aliyekuwa akihema, nikaona inavyojitanua yenyewe. Akasema, "Mwambie babu, pua si mlango uliokwama. Ugonjwa uko ndani. Ukimpasua atakoroma vilevile, na kidonda juu yake."

Mwite bwana mifugo. Babu, usimkate.

Mjukuu wako,
Chiku


Kondoa
29 Aprili 2012

Mjukuu wangu Chiku,

Marahaba, mama. Magoti yananitii yakipenda. Anayeniandikia ni Mwatumu wa dukani. Anasema huko kwenu punda wana madaktari, sisi watu huku tukiugua tunatafuna mizizi.

Barua yako ilikaa posta mpaka yeye alipokwenda mjini kufuata mzigo wake. Kijivu alikwisha kuzaa, mtoto jike. Mama alipopata nguvu nikampasua pua. Kisu nilikipitisha motoni, kama baba yangu alivyonifundisha. Nilidhani namsaidia. Mvua ikaleta nzi, kidonda kikaoza, maziwa yakakauka. Juma lililopita alikufa. Mpaka mwisho alikuwa anakoroma.

Mtoto wake anazunguka zizi akimtafuta. Tunampa maziwa ya mbuzi. Muulize daktari wako kama yanamfaa.

Babu yako


Berea
20 Mei 2012

Babu,

Shikamoo, na pole. Barua yako niliisomea kwenye ngazi, nikashindwa kupanda juu.

Daktari Hélène anasema maziwa ya mbuzi yanafaa, ila ya punda ni mepesi na matamu zaidi. Yapunguzeni uzito kwa maji yaliyochemshwa, mtie sukari kidogo, mumpe kidogo kidogo mara nyingi. Nilipomweleza ya kisu, alisema, "Mtu aliyekipitisha motoni alimpenda punda wake." Nami najua hivyo, Babu. Laiti barua ingekwenda mbio.

Mwatumu, kama unasoma hapa, tafadhali pita posta hata kama huna mzigo.

Huyo mdogo naye ipo siku atakoroma, kwa vumbi la huko. Nijibu upesi, Babu: siku hiyo utamwita bwana mifugo, au utawasha moto?

Mjukuu wako,
Chiku